Chapa ya Theluji Kwenye Matope ya Mangobo

Si ajabu, ukipita kwa kwado, fundi wa matairi wa Mangobo hapa Kisangani, na kugeuzageuza matairi ya mtumba aliyoyapanga mbele ya kibanda chake, ukakuta moja lenye mchoro mdogo ubavuni: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Kisangani iko nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Theluji iliyo karibu zaidi iko juu ya Ruwenzori, mamia ya kilomita kuelekea mashariki, na hata hiyo inazidi kuyeyuka. Lakini tairi liko hapa, meno yake ni marefu kuliko ya jirani zake, bei haijapaa, na fundi analisifu: "Papa, hili ni la Ulaya. Angalia meno haya, potopoto haiwezi kulishinda." Mwenye 4x4 anabaki amesimama, mkono mfukoni. Anunue?

Hapo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: gari ambalo magurudumu yake yote manne huvuta, lahitaji tairi la pekee kwa ajili ya mvua? La pili: tairi lililotengenezwa kwa majira ya baridi laweza kuifanya kazi hiyo? Kwa la kwanza, jibu linategemea gari linakwenda wapi likitoka nyumbani, na kwa wengi wa Mangobo ni hapana. Kwa la pili ni hapana karibu kila mara, kwa sababu ambayo Wazungu wenyewe wanaijua vizuri, na ndiyo iliyowafanya walivue tairi hilo.

Tuanze na 4x4 yenyewe. Kwenye nchi za theluji ubishi huu ni wa zamani: mwenye gari la namna hiyo huona kwamba ameshalipia usalama wake, basi matairi ya baridi ni ya wenye magari madogo. Québec, wanakoishi Wakongo wengi, serikali ilikata ubishi kwa sheria. Tangu 2008 matairi ya baridi ni lazima, na siku hizi kipindi chake ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, gari liwe dogo au 4x4. Ujerumani nayo, barabara ikiwa na theluji au barafu, haiulizi ni magurudumu mangapi yanayovuta.

Sababu ni ya kifundi. Kuvuta kwa magurudumu manne kunasaidia gari kuondoka na kupanda. Hakulisaidii kusimama, maana gari lolote, hata teksi kuukuu, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Kukata kona nako hakupati msaada mkubwa. Kinachoshika ardhi ni kipande cha mpira cha ukubwa wa kiganja chini ya kila tairi, na uwezo wote wa injini huishia hapo. Ndiyo maana 4x4 humdanganya dereva wake: inaondoka kwa wepesi hata asijue utelezi ulivyo, mpaka anapokanyaga breki na gari likaendelea na safari yake. Yule wa gari la kawaida alishaonywa tangu mwanzo, kwa sababu lilikataa kuondoka.

Kuna jingine ambalo wauza magari hawalitaji. 4x4 nyingi zina difu wazi mbele na nyuma, na difu ya namna hiyo hupeleka mzunguko kwa gurudumu lisilo na mzigo. Gurudumu la mbele kushoto likining'inia juu ya shimo, na la nyuma kulia likiwa kwenye ute, hayo mawili yatazunguka bure huku mawili yaliyokanyaga ardhi ngumu yametulia tuli. Ndivyo Land Cruiser ya tani mbili na zaidi inavyokwama mahali ambapo pikipiki ya Kichina imepita na abiria wawili na gunia la chikwanga. Dawa yake ni kufunga difu, kwa gari lenye kifaa hicho. Baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 70 huja nacho, RAV4 za kawaida hazina. Tairi zuri hupunguza tatizo hili bila kuliondoa.

Sasa tuje kwenye majira. Ulaya na Kanada wanabadilisha matairi mara mbili kwa mwaka kwa sababu mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Tairi la baridi hutengenezwa kwa mchanganyiko laini zaidi, na juu ya meno yake hukatwa mikato myembamba mingi ili kingo zake ziume theluji. Kisangani haijui nyuzi 7, hata alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha. Wastani wa mwaka ni nyuzi 25 hivi. Mvua hupita milimita 1,700 kwa mwaka. Hupungua Januari na Februari, hulegea kidogo katikati ya mwaka, hushika kweli kuanzia Septemba hadi Novemba, lakini hakuna mwezi unaopita bila mvua. Si bure kwamba Wabelgiji waliweka kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, pale Yangambi mwaka 1933, kilomita 100 hivi ukifuata mto. Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa mwenye gari maana yake ni kwamba hapa tairi la msimu halina msimu wake. Lile lile linalochomwa na jua la saa saba mchana ndilo litakaloingia kwenye matope saa kumi na moja jioni.

Na hayo matope si ya aina moja. Hapa ndipo ushauri mwingi wa matairi unapopotea, kwa kuwa husema "matope" kana kwamba ni kitu kimoja. Mangobo iko magharibi mwa komuni ya Makiso, na avenyu zake nyingi ni za udongo. Mvua ikinyesha, safari moja ya mjini inaweza kukupa njia tatu.

Ya kwanza ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu, baiskeli na pikipiki kwa miaka, mgumu kama saruji, lakini juu yake kuna ute mwembamba usiofika hata sentimita moja. Hii ndiyo njia ya kawaida kabisa hapa, na ndiyo inayoangusha watu. Chini kuna ardhi imara; kinachotakiwa ni tairi lenye kingo nyingi na upana mdogo, likwangue ute na kuifikia. Ya pili ni shimo la matope lenyewe, pale lori lilipogeuzia au maji ya paa za watu yalipojikusanya, na udongo umekandwa hadi ndani sana. Huko hakuna ardhi ngumu ya karibu. Tairi linahitaji meno makubwa yenye nafasi pana kati yake, yachote matope na kuyatupa nje kila linapozunguka. Ya tatu ni maji yaliyotuama juu ya lami, ukishavuka kuelekea Makiso. Watu huogopa tairi kuelea juu ya maji, lakini kwa upepo wa bar 2 jambo hilo huanza karibu na kilomita 90 kwa saa kwa tairi lisilo na meno kabisa, mwendo ambao mashimo ya mjini hayamruhusu mtu kuufikia. Hofu hiyo ni ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka, si ya hapa. Sehemu zenye mchanga sizihesabu, kwa maana mchanga ukilowa unakuwa mgumu na gari linapita vizuri kuliko siku za jua.

Tairi la matope lenyewe, lile la meno makubwa kama matofali, limetengenezwa kwa njia ya pili tu. Kwenye ya kwanza lina kingo chache za kukwangua, hivyo huteleza. Kwenye lami yenye maji hurefusha breki, maana mpira unaogusa ardhi ni kidogo. Linapiga kelele, linakula mafuta, linaisha upesi kwenye lami, na kulipata jipya Kisangani ni ghali, kwani kila kitu kizito hufika huku ama kwa boti kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za mto, ama kwa malori ya barabara ya Ituri kupitia Beni, Komanda na Nia-Nia, pale hali ya usalama inaporuhusu. Nadhani sifa ya matairi haya imekuzwa na picha zaidi ya kazi. Mashindano ya Camel Trophy yalifanyika Zaire mwaka 1983, na tangu hapo picha ya Land Rover iliyozama kwenye matope ya Kongo imekuwa ndiyo sura ya nchi yetu kwa wapenda magari wa Ulaya. Kumpeleka mtoto shuleni hakuhitaji vifaa vya mashindano.

Lina dhambi nyingine, nayo haimwangukii mwenyewe. Tairi la meno makubwa likizungushwa kwa nguvu kwenye avenyu iliyolowa, linalima. Mfereji wa tairi unakuwa mfereji wa maji, na mji huu una makorongo ya mmomonyoko yanayokula viwanja vya watu. Anayejinasua na kwenda zake kwa kishindo huwaachia wenye baiskeli na mama wa vibanda bonde jipya mbele ya mlango. Kwenye barabara kuu za udongo serikali inalijua hili. Ndiyo sababu kuna vizuizi vya mvua: mti au chuma huteremshwa mvua ikianza, malori husubiri saa kadhaa mpaka udongo unywe maji, ndipo yanaruhusiwa. Mradi wa Pro-Routes, ulioanza 2008 kwa fedha za Benki ya Dunia na Waingereza na ulioifungua upya barabara ya Kisangani hadi Buta, ulivitegemea vizuizi hivyo kulinda kazi yake. Madereva huvichukia, hasa wale ambao Ofisi ya Barabara huwazuia huku wakimwona mwenye kubonyeza noti mkononi mwa mlinzi akipita. Kifundi, hata hivyo, kizuizi kina haki. Hakuna tairi linalofanya kazi kubwa kuliko saa nne za jua.

Wako wanaolihitaji kweli tairi la matope. Anayevuka mto kwenda Lubunga na kushika njia ya Opala au Ubundu, anayepanda Banalia na kungoja kivuko cha Aruwimi ili aende Buta, anayeshuka Lubutu kila mwezi na mzigo wa dawa: hao hukutana na njia ya pili mara nyingi kuliko ya kwanza. Hata kati yao, waangalie wazoefu. Land Cruiser za mashirika mara nyingi huvaa 7.50R16, tairi refu na jembamba lenye mpira wa ndani, lisilovutia macho hata kidogo. Wembamba wake hulifanya lizame hadi lipate ardhi ngumu badala ya kuogelea juu. Urefu wake huliinua tumbo la gari juu ya tuta lililo katikati ya mifereji ya malori. Ubavu wake ni mnene, unastahimili visiki. Na likitoboka, kijana yeyote wa kijijini mwenye vyuma viwili na kiraka ataliziba. Kijana anayemiliki pikapu yenye matairi mapana ya rimu za kung'aa atalicheka tairi hilo mpaka kilomita ya hamsini.

Sasa turudi kwa lile la chembe ya theluji. Linafikaje hapa? Njia moja ni magari yenyewe. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo ya mtumba milioni 14, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Gari hupanda meli na matairi ya majira lililouzwa. Njia nyingine ni makontena: ndugu wa Brussels au Cologne anajaza nafasi iliyobaki kwa matairi, na ili yaingie mengi, moja husukumwa ndani ya lingine, mara nyingine hadi matatu. Tairi lililobanwa hivyo kwa wiki kadhaa baharini hupinda ukingo unaokaa kwenye rimu, na nyuzi za ndani huweza kukatika bila kuonyesha alama nje.

Na kwa nini Mzungu alilivua? Hapo ndipo hesabu inapovutia. Sheria ya Ulaya inaruhusu tairi litumike mpaka meno yabaki milimita 1.6. Lakini tairi la baridi hupoteza uwezo wake mapema zaidi. Austria haikubali kulihesabu kuwa la baridi likiwa chini ya milimita 4, na Ujerumani mafundi hushauri kipimo hicho hicho. Matairi mengi ya aina hii yana alama ya pili ndani ya meno inayoonyesha hizo milimita 4. Basi chukua tairi lililoanza na milimita 8. Kutoka 8 hadi 1.6 kuna milimita 6.4 za kutumia. Likivuliwa kwenye 4, zimebaki 2.4. Anayelinunua Mangobo analipia kidogo zaidi ya theluthi ya maisha yake, tena theluthi ambayo mtengenezaji mwenyewe ameandika ndani ya mpira kwamba kazi yake maalumu imekwisha. Meno yanaonekana marefu kwa sababu yamewekwa kando ya vipara.

Mpira nao una hadithi yake. Ukiwa mpya ni laini mno kwa joto letu: huisha upesi kwenye lami ya mchana, meno yanayumba, na breki kwenye lami yenye joto ni ndefu kuliko za tairi la kiangazi. Ukiwa mzee, jua na hewa vimeukausha, umekuwa mgumu na una nyufa ndogo kati ya meno. Kwa hiyo ule ulaini, ambao ungeweza kusaidia kidogo kwenye ute, ama ni mwingi kupita kiasi ama haupo tena. Umri unasomeka. Ubavuni, mwishoni mwa herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3516 ni juma la 35 la mwaka 2016. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000, na hapo usiulize hata bei. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na fundi mjanja ataliegemeza na upande huo ukutani. Mwambie aligeuze. Pitisha mkono ndani pia, ukitafuta kiraka kikubwa au uvimbe ubavuni.

Tofautisha pia chembe ya theluji na herufi M+S. Chembe imepatikana kwa kupimwa juu ya theluji. M+S mtengenezaji huiandika mwenyewe kutokana na umbo la meno, bila jaribio lolote, na utaikuta kwenye karibu kila tairi la 4x4, la njia zote au la matope. Ujerumani imeshaacha kuitambua kuwa alama ya tairi la baridi. Ruhusa ya mwisho iliisha Septemba 30, 2024. Kwetu M+S haithibitishi kitu. Ila nambari ya mzigo iliyo ubavuni ni ya kusoma kwa makini. 100 ni kilo 800 kwa tairi, 116 ni kilo 1,250. Matairi mengi ya baridi yanayofika huku ni ya magari ya familia ya Ulaya. Kuivisha Hilux itakayobeba mifuko ya saruji ni kualika mpasuko.

Lipo kosa moja ambalo kwa 4x4 ni baya kuliko kwa teksi, nalo ni kununua mawili. Pesa haitoshi, basi mapya yanakwenda nyuma na vipara vinabaki mbele. Gari la 4x4 huunganisha mzunguko wa mbele na wa nyuma. Matairi yakiwa na vimo tofauti, ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa, na kwa gari linaloshika 4x4 kwa mkono tofauti hiyo hugandamiza gia na shafti kila linapotembea kwenye ardhi kavu likiwa limeshika 4x4. Kwa Prado, inayovuta kwa yote muda wote, difu ya kati inasaga bila kupumzika. Kutengeneza sanduku la gia Kisangani kunakula pesa ya seti nzima ya matairi na kubakisha deni. Manne yanayofanana ya bei ya kati yanalishinda jozi la kifahari.

Upepo ni msaada wa bei rahisi kuliko yote, na watu wa hapa wanautumia kidogo. Ukikaribia shimo refu, shusha hadi bar 1.5 hivi, tairi linalala, eneo linaloshika ardhi linarefuka. Ukitoka, jaza tena kabla ya kushika mwendo, maana tairi lililolegea likikimbizwa na mzigo hupata joto na kuachana tabaka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha. Minyororo inayofungwa kwenye tairi huuma matope kama inavyouma theluji, na kwa dereva wa lori aliyekwama ni mkombozi, lakini inakwangua barabara kuliko tairi lolote, kwa hiyo mjini isitajwe.

Basi mwenye 4x4 anayelala Mangobo, anayefanya kazi Makiso, na safari yake ndefu ni Bangboka, namshauri matairi manne ya njia zote, si mapana kuliko yale yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, yasiyozidi miaka mitano au sita, na meno ya milimita 6 kwenda juu. Hayo yana kingo za kutosha kwa ute na nafasi za kutosha kwa shimo la hapa na pale. Anayekwenda Buta au Opala kwa kazi anunue ya matope, membamba, akubali kelele zake, na awe na difu inayofungika, la sivyo amelipia nusu ya dawa.

Inabaki hali moja ambapo mimi mwenyewe ningelichukua la theluji. Mwenye RAV4 asiyetoka mjini, mwendo wake ni kilomita 30 kwa saa, matairi aliyonayo ni vipara, na pesa ya manne mapya haipo wala haitakuwapo kabla ya Septemba. Kwake manne ya aina moja na saizi moja, DOT ya miaka ya karibuni, milimita 6 zilizopimwa kwa rula mbele yake na si kwa maneno ya fundi, yatakwangua ute wa avenyu vizuri kuliko alivyo sasa. Mwendo mdogo hautayachemsha. Yataisha upesi, pengine ndani ya mwaka, na bei anayokubali iwe ya mwaka mmoja.